Albert Howard, baba wa mboji

Mkulima wa nyanya wa Makurunge anayekimbilia duka la dawa kila miche inaponyauka, inafaa amjue Albert Howard. Alizaliwa Uingereza mwaka 1873, mtoto wa mkulima, akasomea mimea na magonjwa yake. Mwaka 1905 alikwenda India, ambako yeye na mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea, walijifunza kwa wakulima wa kawaida. Aliamini kwamba ugonjwa shambani ni dalili ya udongo uliochoka.

Huko Indore alipanga mabaki ya mimea, samadi, udongo na majivu kwa tabaka. Rundo lilipata joto kali na kuiva kwa miezi mitatu hivi. Mwaka 1933 njia hiyo ilifika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, Kenya. Alifariki mwaka 1947.

Mwaka 1976 watafiti wa Israeli walionyesha kuwa udongo wenye unyevu ukifunikwa kwa nailoni angavu, joto la jua huua vimelea vingi. Kwa hiyo changanya mboji kitaluni, mwagilia, kisha funika wiki 4 hadi 6 wakati wa jua la Januari na Februari. Nailoni ni gharama. Anza na kitalu, maana hasara nyingi huanzia hapo.