Arthur Lewis: Mwanauchumi aliyetofautiana na Nkrumah

ALIPOKUWA kijana kisiwani St Lucia, Arthur Lewis alitamani kuwa mhandisi. Ndoto hiyo ilizimwa na rangi ya ngozi yake, kwani si serikali ya kikoloni wala kampuni za Wazungu zilizokuwa tayari kumwajiri mhandisi mweusi. Akaelekea London kusomea biashara na uchumi.

Lewis alizaliwa mwaka wa 1915, akafiwa na babake akiwa na umri wa miaka saba. Kufikia 1948 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Makala yake ya 1954 ndiyo iliyomvumisha. Alieleza kwamba mataifa maskini yana vibarua wengi mashambani ambao mapato yao ni ya kujikimu tu, na kwamba viwanda vinaweza kuwaajiri bila kupandisha mishahara, mradi faida irejeshwe katika uwekezaji. Wengi waliichukulia kama idhini ya kujenga viwanda kiholela. Walimwelewa vibaya. Mwaka mmoja awali, katika ripoti kuhusu Gold Coast, alikuwa amesisitiza kwamba kilimo cha chakula kitangulie, kwa kuwa mkulima anayevuna haba hawezi kuulisha mji wala kununua bidhaa zake.

Ghana ilipopata uhuru mwaka wa 1957, Lewis aliteuliwa mshauri wa kiuchumi wa Kwame Nkrumah. Haikuchukua muda kabla ya wawili hao kutofautiana. Lewis aliona fedha nyingi mno zikielekezwa kwa miradi ya kifahari huku vijiji vikisubiri maji na barabara. Nkrumah naye alishikilia kuwa uamuzi wa mwisho ni wa mwanasiasa. Mwishoni mwa 1958 msomi huyo alifunga virago, na mwaka wa 1965 akachapisha kitabu kilichoshutumu vikali mfumo wa chama kimoja Afrika Magharibi.

Kati ya 1970 na 1973 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibea, yenye makao yake Barbados. Safari hii hakuwa mshauri tu, bali msimamizi wa mikopo kwa visiwa vidogo ambavyo masoko makubwa ya fedha hayakuvijali.

Mwaka wa 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz, akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Nobel isiyo ya amani.

Alifariki Barbados mnamo Juni 15, 1991, akazikwa St Lucia katika uwanja wa chuo kinachoitwa kwa jina lake.