Fundi aliyeifundisha mashine kusimama

Kwetu Toyota ni gari. Nilipolifuatilia jina hilo hadi asili yake nikamkuta mtoto wa seremala ambaye hakuunda gari hata moja.

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji cha Yamaguchi, Shizuoka, nchini Japani. Alijifunza useremala kwa baba yake, lakini macho yake yalikuwa kwa wanawake wa kijijini waliofuma nguo nyumbani mwao kutwa nzima kwa malipo madogo. Akaanza kuchonga mitambo ya kufumia, akiivunja na kuiunda upya, hata majirani wakadhani amerukwa na akili. Mwaka 1891 alipata hataza ya mtambo wa mbao ulioendeshwa kwa mkono mmoja badala ya miwili.

Baadaye aliunda mitambo ya mvuke, na hapo ndipo ninapomwona mkubwa. Wengine walitafuta mwendo wa kasi. Yeye alishughulikia kusimama. Uzi wa mshindio ukikatika, mtambo wa kawaida huendelea tu, ukitoa kitambaa kibovu mita kwa mita, isipokuwa mtu awe ameukodolea macho. Wa Toyoda ulisimama wenyewe. Mwaka 1924, akisaidiwa na mwanawe Kiichiro, alikamilisha mtambo wa Aina ya G, na mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia makumi ya mitambo. (Wale waliokuwa wakiilinda mmoja mmoja walikwenda wapi? Wasifu nyingi za Toyoda hazijishughulishi na swali hilo.)

Wajapani huita mbinu hiyo jidoka. Sisi wanafunzi wa lugha tutazame maandishi yake: katika herufi ya mwendo wameongeza alama ya mtu.

Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za mtambo huo. Toyoda alifariki mwaka 1930, na Kiichiro akageukia magari. Kampuni ya Toyota ikaundwa mwaka 1937. Taiichi Ohno, aliyetoka katika kiwanda cha nguo cha ukoo huo, alitumia wazo la mzee kwenye magari, pamoja na lile la Kiichiro la kutengeneza kinachohitajika tu, wakati kinapohitajika. Kazi, mwendo au akiba isiyo na faida waliiita muda, neno la Kijapani lisilo na udugu na letu, ingawa linatuchekesha. Na mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro aliweza kuvuta kamba, na kasoro isipotatuliwa upesi kazi ilisimama.