Robert Oppenheimer: Mwanasayansi Aliyefungiwa Mlango wa Siri

Julius Robert Oppenheimer alizaliwa tarehe 22 Aprili 1904 mjini New York, Marekani. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia huko kutoka Ujerumani. Alisomea Harvard na Cambridge, kisha mwaka wa 1927 akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Kuanzia 1929 alifundisha fizikia huko California. Wengi humkumbuka kama baba wa bomu la atomiki. Hata hivyo, maisha yake yana funzo jingine: jinsi mwenendo wa mtu na watu anaohusiana nao vinavyoweza kumpa au kumnyima kibali cha usalama, yaani idhini ya kushughulikia siri za dola.

Kibali hicho hakitolewi kwa kupima elimu. Wachunguzi hutaka kujua iwapo mtu husema kweli, na iwapo ana jamaa au marafiki wanaoweza kumwelekeza kwenye manufaa ya nchi ya kigeni. Kwa maswali yote mawili, Oppenheimer alikuwa na mzigo.

Katika miaka ya 1930 alimpenda Jean Tatlock, mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Katherine, aliyemwoa mwaka wa 1940, aliwahi kuwa mwanachama, sawa na Frank, nduguye Oppenheimer. Yeye mwenyewe alikana daima kujiunga, ingawa alichangia fedha za kuwasaidia wapiganaji wa Jamhuri ya Uhispania kupitia chama hicho. Mnamo Juni 1943, tayari akiwa mkuu wa maabara ya siri ya Los Alamos, alilala nyumbani kwa Tatlock huku majasusi wa jeshi wakimfuatilia. Maafisa wa usalama walisita kumpa kibali. Jenerali Leslie Groves, aliyeusimamia mradi mzima, aliamuru mwezi uliofuata kitolewe bila kuchelewa, kwani kazi isingeendelea bila mtu huyo.

Doa kubwa zaidi lilitokana na rafiki. Majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, Haakon Chevalier, mhadhiri wa fasihi ya Kifaransa, alimdokezea jikoni kwamba palikuwa na njia ya kuwapelekea Wasovieti habari za kisayansi. Oppenheimer alikataa katakata. Kosa lake lilikuja baadaye. Alikaa miezi kadhaa bila kuripoti, na aliporipoti Agosti 1943, alibuni kisa cha watu watatu waliofuatwa, akalificha jina la Chevalier. Alilitaja tu Groves alipomlazimisha. Siri haikuvuja, ila uongo uliingia katika faili.

Faili hilo halikumzuia kuongoza kazi iliyozaa mabomu yaliyoteketeza Hiroshima na Nagasaki mnamo Agosti 1945. Halikumzuia pia mwaka wa 1947, Tume ya Nishati ya Atomiki ilipolipitia na kukidumisha kibali chake. Mambo yalibadilika baada ya Oktoba 1949, kamati ya washauri aliyoiongoza ilipopinga mpango wa haraka wa kuunda bomu la haidrojeni. Ushauri huo ulimletea maadui, akiwemo Lewis Strauss, aliyekuwa mwenyekiti wa tume kuanzia 1953. Novemba mwaka huo, William Borden aliandika barua akidai kwamba yamkini Oppenheimer alikuwa jasusi wa Usovieti. Mwezi uliofuata kibali kikasimamishwa.

Kesi ilisikilizwa kuanzia tarehe 12 Aprili hadi 6 Mei 1954. Wakili wa tume alikuwa na nyaraka za siri ambazo wakili wa Oppenheimer hakuruhusiwa kuziona, na mazungumzo ya Oppenheimer na mawakili wake yalinaswa. Alipobanwa kuhusu Chevalier, alikiri kwamba alidanganya. Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi; yake ilichukua miaka 11. Jopo lilimwona mwaminifu kwa nchi yake, lakini kwa kura 2 dhidi ya 1 likapendekeza anyimwe kibali. Tarehe 29 Juni tume iliafiki kwa kura 4 dhidi ya 1, ikitaja kasoro za tabia na urafiki wake, siku moja tu kabla ya kibali hicho kuisha chenyewe.

Mwaka wa 1963 serikali ilimtunuku Tuzo ya Enrico Fermi, ila kibali hakikurudishwa. Alifariki tarehe 18 Februari 1967. Desemba 2022, Waziri wa Nishati Jennifer Granholm aliubatilisha uamuzi wa 1954 kwa kuwa utaratibu uliofuatwa ulikuwa na dosari.

Oppenheimer alidanganya, na hilo halifutiki. Lakini kisa cha Chevalier kilijulikana mwaka wa 1943 na tena mwaka wa 1947, naye akaaminiwa. Kilichobadilika kufikia 1954 si mwenendo wake wala marafiki zake wa zamani, bali haja ya dola kwake na uvumilivu wake kwa ushauri wake. Palipo na hali hiyo, kibali cha usalama huacha kuwa kinga ya siri, kikageuka adhabu ya rai.