Larrey: Daktari aliyeanzisha ambulensi na kutembea na kipimajoto kwenye koti

Mtu akianguka ghafla kisiwani Kojani, moyo ukasimama, hospitali iko ng'ambo ya maji. Mgonjwa yuko huku, daktari yuko kule. Tatizo hilo hilo lilimnyima usingizi Mfaransa mmoja zaidi ya miaka 200 iliyopita: Dominique-Jean Larrey.

Alizaliwa Julai 8, 1766, kijiji cha Beaudéan, kusini mwa Ufaransa. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na ami yake huko Toulouse, daktari wa upasuaji.

Mwaka 1792 akaenda vitani. Akakuta magari ya majeruhi yanawekwa nyuma, karibu kilomita tano, mpaka mapigano yaishe. Wengi walikata roho wakisubiri. Larrey akabuni magari mepesi ya farasi yanayomfuata majeruhi pale pale alipoanguka. Hapo ndipo ambulensi ilipoanzia. Alipofika Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, akatumia ngamia.

Kanuni yake ilikuwa moja tu: aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, awe jenerali, askari wa kawaida au hata adui.

Kilichomshangaza zaidi ni joto. Kwenye vita vya Eylau, Februari 1807, aliona askari walioganda miguu kisha wakakimbilia kuota moto ndio waliooza vidole. Waliokaa mbali na moto walikuwa na nafuu. Mwaka 1812, jeshi likirudi kutoka Urusi, alitembea na kipimajoto kimening'inia kwenye koti lake, akiandika vipimo vya baridi. Kwenye mto Berezina, askari walimpitisha darajani mikono kwa mikono ili asife.

Mwaka 1815 alitekwa Waterloo, akaponea chupuchupu kuuawa. Napoleon alimwachia faranga 100,000 kwenye wosia wake. Larrey alifariki Lyon, Julai 25, 1842.

Leo swali la joto bado lipo, ila limehamia kwa mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama ukarudi. Tafiti mbili za mwaka 2002 ziliwafanya madaktari wawapoze wagonjwa hao hadi nyuzi 32 mpaka 34. Mwaka 2021, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,800 walioangukia nje ya hospitali ukaonesha kuwa kupoza hadi nyuzi 33 hakukuokoa watu wengi zaidi kuliko kuzuia homa tu. Sasa mkazo ni kupima joto mara kwa mara na kutoliacha lipande sana, maana homa inaweza kuuumiza zaidi ubongo uliokwishakosa hewa.

Kwenye boti kutoka Kojani au kwenye gari la kwenda Chake Chake, kipimajoto si kazi ya kwanza. Kwanza ita msaada, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusitasita. Moyo ukirudi, ndipo joto lipimwe.

Larrey hakuijua mbinu hiyo. Alichojua ni kwamba msaada ndio unaopaswa kumfuata mgonjwa. Kwa watu wa visiwani, hilo bado ni suala la kufa na kupona.