Rais Aliyepooza na Senti 10 Zilizoleta Chanjo ya Polio

Mama au mlezi, mtoto wako anapodondoshewa matone mawili ya chanjo ya polio mdomoni, anafaidika na michango ya fedha iliyoanza Marekani miaka mingi iliyopita. Watu walichanga kwa sababu mtu maarufu aliugua. Mtu huyo ni Franklin D. Roosevelt.

Roosevelt alizaliwa mwaka 1882 katika familia yenye mali. Agosti 1921, akiwa mapumzikoni na mke na watoto wake katika kisiwa cha Campobello, Kanada, alishikwa na homa, kisha miguu ikaishiwa nguvu. Alikuwa na miaka 39. Madaktari wakasema ni polio. Hakutembea tena bila msaada.

Virusi vya polio huingia kwa mdomo, mara nyingi kupitia mikono, maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Vikifika kwenye neva, mtoto anaweza kupooza maisha yake yote. Wakati ule hapakuwa na chanjo, na hadi leo hakuna dawa ya kuuponya.

Mwaka 1926 Roosevelt alinunua eneo la Warm Springs, Georgia, lenye chemchemi za maji ya uvuguvugu, akalifanya kituo cha waliopooza. Mwaka 1933 akawa Rais. Kuanzia 1934, siku yake ya kuzaliwa ilisherehekewa kwa dansi za kuchangisha fedha. Mwaka 1938 alianzisha mfuko wa taifa wa kupambana na polio. Mchekeshaji maarufu wa redio, Eddie Cantor, aliwaomba wasikilizaji wapeleke sarafu ya senti 10 moja kwa moja Ikulu. Zilifika zaidi ya milioni 2.

Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, lakini michango haikukoma. Mwaka 1950, akina mama wa mji wa Phoenix walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya fedha. Mwaka 1954, watoto wapatao milioni 1.8 walishiriki katika majaribio ya chanjo ya sindano ya Dkt. Jonas Salk. Tarehe 12 Aprili 1955, miaka 10 kamili baada ya kifo cha Rais, ilitangazwa kuwa chanjo hiyo ni salama na inakinga. Chanjo ya matone ya Dkt. Albert Sabin ilifuata, naye pia alisaidiwa na mfuko huohuo.

Lakini umaarufu una upendeleo. Kituo cha Warm Springs hakikupokea wagonjwa weusi. Ugonjwa wa selimundu ulielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1910, lakini sheria ya kuutengea fedha ilipitishwa huko mwaka 1972. Wengi waliougua selimundu nchini humo walikuwa watu weusi, na hakuna Rais aliyekuwa nao. Kwa hiyo, kama mtoto wako ana ugonjwa usiosikika redioni, usidhani ni mdogo au ni aibu yako. Jiunge na wazazi wenzako, uliza maswali kliniki, na msimfiche mtoto ndani. Sauti za wazazi wengi nazo husikika.

Kwa upande wa polio, kazi iliyobaki ni yetu:

• Mpeleke mtoto apate matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya sindano apate kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.

• Kama amepitwa na tarehe, usikate tamaa wala kuogopa kufokewa. Nenda na kadi, utapangiwa upya.

• Wakati wa kampeni ya chanjo, mpe matone hata kama kadi yake imekamilika.

• Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha.

• Mtoto aliye chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, mwahishe kituo cha afya siku hiyohiyo.