Mama Kevina na swali la binti wa Qurus



Leo nawaletea maisha ya Mtumishi wa Mungu Mama Kevin, ambaye watu wa Uganda walimzoea kwa jina la Mama Kevina. Kabla sijaanza, niwaambie ukweli: sikumtafuta kwa sababu ya uchaji. Nilimtafuta kwa sababu ya aibu.

Mwaka huu niko Karatu, Jimbo la Mbulu, kwenye mwaka wangu wa uchungaji. Kila Jumamosi napanda bodaboda kwenda Qurus, kwenye shule moja ya bweni ya wasichana, kufundisha dini na kukaa na wana TYCS. Mnaoijua Karatu mnaujua ule udongo mwekundu: kiangazi unakupaka vumbi hadi kwenye nyusi, masika ukishika kiatu hauachii. Mabinti wale baada ya vipindi wana zamu. Wengine bustani, wengine usafi wa mabweni, wengine wanachambua maharage ya makande, wengine kwaya.

Jumamosi moja nikiwa nawasaidia kupalilia, binti wa kidato cha tatu akaniuliza swali. Baba yake aliuza ng'ombe ili yeye asome. Sasa mbona nusu ya siku analima, anabeba maji na kumuuguza mwenzake mwenye malaria bwenini? Jembe angeweza kulishika nyumbani bure. Na hata darasani, haoni biolojia inahusiana nini na historia, wala kemia inahusiana nini na dini. Kila mwalimu anaingia na lake, anatoka nalo.

Mimi ni mtu wa filosofia, mnanijua. Nikampa Aristotle, nikampa Mtakatifu Thomas, nikaeleza umoja wa ukweli kwa dakika kumi nzima. Akanishukuru kwa heshima, akarudi kwenye tuta lake. Nikaona kabisa sijamjibu.

Usiku nikampigia simu dada yangu mkubwa, nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Akasema kwa upole kwamba yeye angelima shamba zima la hiyo shule, peke yake, kama kuna mtu angempa hivyo vitabu.

Nikanyamaza. Dada yangu aliishia darasa la saba. Ada ilikuwepo ya mtoto mmoja, na mtoto huyo nikawa mimi, niliyekwenda seminari ndogo. Yeye ndiye aliyebaki na jembe. Miaka yote hii sikuwahi kumwuliza alijisikiaje.

Ndiyo nikaenda kumtafuta Mama Kevina.

Binti aliyekosa ada

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 huko Arklow, wilaya ya Wicklow, nchini Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake alikuwa mkulima, na alifariki kwa ajali miezi mitatu kabla binti huyu hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi. Akalelewa na bibi mzaa mama. Huyo bibi ndiye aliyempandia imani, na alipofika miaka 17, bibi naye akaondoka.

Teresa alitaka kuwa mwalimu. Akaenda kwa masista wa Rathdrum kujifunza kazi hiyo, lakini fedha za kulipia mafunzo kamili hakuwa nazo. Ikabidi aridhike kuwa mwalimu msaidizi. Hapo niliposoma niliweka simu chini kidogo. Kumbe huyu mama wa mashule naye alikuwa binti ambaye ada yake haikutosha!

Baadaye akafundisha Uingereza, na mwaka 1895 akaingia kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 akapewa jina la kitawa, Sista Mary Kevin. Aliomba apelekwe Marekani, kuwahudumia watu weusi kule. Akasubiri miaka mitatu. Wito ulipokuja, ulitoka Afrika.

Chini ya mwembe wa Nsambya

Desemba 1902 masista sita waliondoka London. Askofu Henry Hanlon wa Wamisionari wa Mill Hill ndiye aliyewaomba, hasa kwa ajili ya akina mama na wasichana. Safari ya siku zile ilikuwa meli hadi Mombasa, kisha reli iliyokuwa imefika Kisumu mwaka mmoja tu nyuma, kisha kuvuka Ziwa Victoria. Tarehe 15 Januari 1903 wakafika Nsambya, kilima kimojawapo cha Kampala.

Sasa fikiria walichokikuta. Malale ilikuwa inamaliza watu kwa maelfu kando ya ziwa. Ndui ipo, malaria ipo. Akina mama wanakufa kwa uzazi, watoto wanazikwa kabla ya kutembea. Sista Kevin alikuja kama mwalimu, lakini huwezi kufundisha irabu mbele ya mtoto anayetetemeka kwa homa. Kwa hiyo shule na zahanati vilianza pamoja, na zahanati yenyewe ilikuwa chini ya mwembe.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu mambo mengine yote yalichipuka kwenye mwembe huo. Masista wale hawakuwa na nafasi ya kusema hili ni somo la afya, hili la dini, hili la kilimo. Mgonjwa akipona anahitaji chakula, kwa hiyo lazima mtu ajue kulima. Mama akipewa dawa lazima kuwe na mtu wa kumsomea maelekezo nyumbani, na mtu huyo ni binti yake. Binti akijua kusoma, atasoma na katekisimu. Kwa Mama Kevina shida ya jirani ndiyo iliyoamua ni kitu gani kifundishwe, na shida ya jirani haiji imegawanywa kwa vipindi vya dakika arobaini.

Mwaka 1906 wakafungua kituo Nagalama. Mwaka 1913 wakaja masista wengine watatu, wakaanza Kamuli, Busoga. Yeye alikuwa ameshakuwa mkuu wa jumuiya, na watu wakaanza kumwita mama.

Hasira takatifu, na utii mgumu

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waafrika walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi wa jeshi, kile kikosi kilichotuachia jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi pia. Wapagazi wagonjwa na majeruhi waliletwa Nsambya. Mama Kevina aliwauguza, na alikasirishwa sana na jinsi walivyotendewa, wakati walibeba vita isiyokuwa yao. Mwisho wa mwaka 1918 serikali ya Uingereza ikampa nishani kwa huduma hiyo.

Kulikuwa na mtihani mwingine ambao kwetu sisi waseminari unagusa mahali. Wakati ule sheria ya Kanisa iliwakataza watawa kufanya kazi ya ukunga. Fikiria: upo katikati ya akina mama wanaokufa kwa uzazi, na kanuni inakuambia usiguse. Angeweza kuasi. Angeweza pia kukunja mikono na kusema sheria ndiyo sheria. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimpata daktari mlei, Evelyn Connolly, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakaanza kuwafundisha mabinti wa Uganda uuguzi na ukunga pale Nsambya. Wakati huohuo hakuchoka kuwaomba wakubwa wa Kanisa waliangalie upya jambo hilo. Mwaka 1936 Roma ikatoa maelekezo mapya, na watawa wakaruhusiwa kusomea na kufanya kazi hizo. Hakuwa peke yake katika ombi hilo duniani, lakini sauti ya Nsambya ilikuwemo.

Miaka mingi ya kusubiri. Mimi mtandao ukikata dakika tano nalalamika!

Mabinti wanane

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni la mwaka 1923. Wazungu wengi siku zile waliamini Mwafrika ni wa kuhudumiwa tu. Mama Kevina akaanzisha shirika la mabinti wa hapahapa, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, makao yao Nkokonjeru. Walianza na mabinti wanane. Leo shirika hilo lipo Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania.

Wale wanane, kama mabinti wa Qurus, iliwabidi kuishi pamoja. Mnaokaa bweni mnajua hilo ni somo gumu kuliko hesabu. Yupo anayekoroma, yupo anayeazima sabuni bila kurudisha, yupo wa kabila ambalo nyumbani kwenu linasemwa vibaya. Ukijifunza kumpenda huyo saa kumi na moja alfajiri mkiwa kwenye foleni ya maji, umejifunza Injili kwa vitendo.

Miaka ya 1930 kazi ikafika kwa wagonjwa wa ukoma, huko Nyenga na Buluba. Na mwaka 1942, kandokando ya barabara ya Kampala kwenda Jinja, ikaanza shule ya wasichana ya Mlima Mtakatifu Maria, Namagunga. Ndoto ilikuwa kwamba binti Mwafrika asome hadi juu kabisa. Kati ya waliopita Namagunga ni Specioza Kazibwe, daktari wa upasuaji, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia 1994 hadi 2003. Pale palipokuwa na zahanati ya mwembe kukawa na shule ya wauguzi, na upande wa pili binti akatoka darasani kuwa daktari mwenyewe.

Mwaka 1952 Wafransisko waliokuwa Afrika wakawa shirika linalojitegemea, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Alipofika miaka 80, wengi wakidhani sasa atapumzika, akatumwa Boston, Marekani, kutafuta misaada kwa ajili ya misheni. Ile Marekani aliyoiomba akiwa kijana, Mungu alimpa akiwa bibi. Huko ndiko alikofariki, tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili ulipelekwa Ireland. Lakini Wakatoliki wa Uganda wakasema hapana, mama hazikwi mbali na watoto. Wakaomba, wakakubaliwa, na Desemba mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru. Mwaka 2016 mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulifunguliwa katika Jimbo la Lugazi, ndiyo maana tunamwita Mtumishi wa Mungu. Tunaweza kumwomba katika sala zetu binafsi.

Nilivyorudi Qurus

Jumamosi iliyofuata nilimtafuta yule binti. Safari hii sikupeleka Aristotle. Nilimsimulia habari za mwembe. Kisha nikamwuliza mwenzake mwenye malaria alimuuguzaje. Akaeleza: alimpima joto, alimhesabia vidonge, alikumbuka somo la mbu la biolojia akaenda kumwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo nyuma ya bweni, usiku wakasali rozari pamoja. Alipokuwa anaeleza akaanza kutabasamu mwenyewe. Biolojia, hesabu na dini zilikuwa zimekutana kitandani kwa mgonjwa, na hakuna mwalimu aliyezipangia kipindi.

Lakini nilimwambia pia kwamba swali lake ni la haki. Jembe bila kitabu ni kumnyima binti. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakutaka shamba lile masomo. Ikitokea zamu zinakula muda wa kusoma, aseme, na aseme kwa adabu, kama Mama Kevina alivyosema na Roma.

Na dada yangu? Nilikuwa na akiba kidogo ya kununulia kompyuta mpakato. Nikampigia, nikamwomba msamaha kwanza, halafu nikamwambia zile fedha ni zake akitaka kusoma jioni na kufanya mtihani wa QT. Akakaa kimya muda mrefu. Akauliza ng'ombe atakamuliwa na nani. Hadi ninapoandika hajanijibu ndiyo wala hapana. Lakini jana mpwa wangu kaniibia siri: mama yake kamwazima daftari la hesabu.

Mniombee. Muombeeni na yeye.

Tafakari ya wiki

Nani alibaki na jembe ili mimi nishike kitabu? Nimewahi kumshukuru?

Somo gani ninalolidharau linaweza kumsaidia mtu aliye karibu nami wiki hii?

Tendo la wiki: mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kwenu kitu kimoja ulichojifunza shuleni. Kisha mwombe naye akufundishe kimoja.

Tusali

Ee Mungu Baba, ulimtoa Mama Kevin katika uyatima ukamfanya mama wa wengi. Tujalie akili inayopenda kujua, mikono isiyoona haya kazi, na moyo unaokaa vizuri na wenzake. Wakumbuke mabinti wote waliotamani shule wakaikosa, uwafungulie mlango, hata kama umechelewa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.