Alan Turing, mtu wa kukagua programu kipande kwa kipande

Muuzaji wa ndagala pa Swima akikupa jumla moja tu ya mauzo ya mwezi, kuikagua ni kurudilia hesabu yote. Lakini akikuonyesha jumla ya kila safu, mamoja, makumi na mamia, kila mtu anaweza kukagua safu yake. Mufano wa kujumlisha kama huu njo Alan Turing alitoa pa Cambridge, Uingereza, mwezi wa sita 1949, mbele ya watu wa ordinatere za kwanza.

Alizaliwa London tarehe 23 mwezi wa sita 1912. Wengi wanamujua juu ya vita ya pili ya dunia, pale alisaidia kuvunja siri za Enigma, mashini ya Wajerumani. Mwaka 1952 tribinali ilimuhukumu sababu ya mapenzi na mwanaume mwenzake. Alikufa tarehe 7 mwezi wa sita 1954, akiwa na miaka 41 tu.

Ile ya 1949 haisemwi sana. Programu, alieleza, uigawe. Pa kila hatua uandike kile kinapaswa kuwa kweli pale, kisha ukague. Na uhakikishe kama itafika mwisho.

Hii ya mwisho inagusa vile vyombo vidogo vya kupima mvua ao maji ya ziwa, vinavyotuma namba kwa mawimbi. Programu ikizunguka bila mwisho, chombo hakilali, batri inaisha, namba hazifiki. Na nani atapanda tena milima ya Fizi kutafuta kosa? Njo maana fundi wa leo anajaribu kila kipande kwanza pa meza: anakipa kipimo cha uongo, sema mvua iliyo chini ya sifuri, aone kama kitaikataa.